Wageni Wengi, Msikilizaji Hakuna

Kwetu mgonjwa hakosi watu. Habari ikienea kwamba fulani amelazwa, saa ya kuona wagonjwa ikifika lango la hospitali hujaa ndugu, majirani, wanajumuiya na wafanyakazi wenzake, huyu na chupa ya uji, yule na mfuko wa machungwa. Akiruhusiwa kurudi nyumbani, mkeka hutandikwa na wageni hupokezana kutwa nzima. Ni desturi njema na sina nia ya kuibeza. Lakini leo nataka kudai jambo ambalo huenda likawakera baadhi yetu: kwamba mtu mwenye ugonjwa mzito wa ini anaweza kuzungukwa na umati huo wote na bado akawa peke yake, kwa sababu miongoni mwa wote waliopita mlangoni hakuna hata mmoja aliyempa nafasi ya kusema anachokiogopa. Nadai pia kwamba dawa ya upweke huo haingojwi itoke mbali. Ilishapatikana hapa hapa Afrika Mashariki, ikatengenezwa kwa ajili ya wagonjwa wengine, na mgonjwa wa ini akasahauliwa nje.

Tusidhani tunazungumzia watu wachache. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na homa ya ini sugu ya aina B, na wengine milioni 50 na ile ya aina C. Mwaka huohuo virusi vya homa ya ini viliua watu wapatao milioni 1.3, na bara la Afrika ndilo lililobeba zaidi ya nusu ya maambukizi mapya ya aina B. Hao ni wa virusi tu. Waongeze wanaoishi kandokando ya Ziwa Victoria, ambako kichocho cha tumbo huziba mishipa ya ini kimyakimya kwa miaka mingi mpaka siku mtu anapotapika damu. Waongeze waliokula mahindi yenye sumukuvu: mwaka 2004 watu 125 walikufa nchini Kenya, wengi wao Makueni na Kitui, na mwaka 2016 balaa hilohilo likaipiga mikoa ya Dodoma na Manyara. Waongeze pia walioumizwa na pombe, ambao nitawarudia baadaye kwa sababu wana kesi yao ya pekee.

Sasa tazama jinsi habari inavyomfikia mtu. Kwa makadirio hayohayo ya mwaka 2022, kati ya kila watu 100 wenye homa ya ini B ni 13 tu waliokuwa wamepimwa na kujua. Wengi hawaendi kuitafuta habari hii, huikuta njiani. Mmoja amejitolea kuchangia damu, kwa kuwa kila chupa hupimwa, akaitwa pembeni. Mwingine ni mjamzito aliyekwenda kliniki. Wa tatu ni kijana wa Tanga au Mombasa aliyepata kazi Ghuba. Nchi za kule hupima wafanyakazi wa kigeni kabla ya kuwapa viza, na mwenye homa ya ini B huandikwa kwamba hafai. Kijana huyo hupoteza ajira na kugundua ugonjwa siku moja, tena mara nyingi kutoka kwa wakala aliyekuwa akimhangaikia safari, mtu asiyejua lolote kuhusu ini. Anabaki na karatasi ya maabara mkononi. Hakuna aliyemketisha na kumweleza kwamba wengi wenye virusi hivi hawafikii hatua ya ini kuharibika, kwamba ipo dawa ya kuvidhibiti, na kwamba la msingi kuanzia sasa ni kupimwa mara kwa mara. Usiku huo atasoma kwenye simu yake maneno kansa na kifo, na kesho yake hatamwambia mtu.

Kwa nini asiseme? Kwa sababu anajua yatakayofuata. Atatengewa sahani na kikombe. Watoto wa dada yake wataambiwa wasimkalie mapajani. Ukweli ni kwamba homa ya ini B haiambukizwi kwa kula sahani moja, kupeana mikono wala kukumbatiana. Huambukizwa kwa damu, kwa kujamiiana na kwa mama kumwambukiza mtoto anapozaliwa, na mtu mzima anaweza kuchanjwa akakingika. Lakini sahani ikishatengwa, elimu ya namna hiyo inakuwa imechelewa. Liko na la pili, gumu zaidi. Dawa inayotumika sana kudhibiti homa ya ini B ni tenofovir, na tenofovir hiyohiyo imo katika dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi. Jirani akikiona kichupa hicho, hatauliza maswali mengi. Hukumu itatoka bila shahidi kuhojiwa.

Hapo ndipo tunapokutana na kitendawili ninachotaka kukikazia leo. Mtu anayeishi na virusi vya Ukimwi, akienda kuchukua dawa yake, humkuta mnasihi. Humkuta mwenzake aliyemtangulia miaka kumi katika hali hiyo, anayejua siku za mwanzo zinavyotisha. Katika wilaya nyingi za Tanzania kuna konga, umoja wa vikundi vya watu wanaoishi na virusi hivyo, ambako mtu anaweza kusema lolote bila kushangaliwa. Mwenye homa ya ini hupewa kidonge cha ukoo uleule, kisha huenda zake. Kidonge kimevuka mpaka. Mazungumzo yamebaki upande wa pili. Sisemi watu wa Ukimwi wamependelewa, maana walichonacho walikipigania. TASO, shirika la Uganda la kuwasaidia watu wenye Ukimwi, lilianzishwa mwaka 1987 na Noerine Kaleeba pamoja na wenzake wachache, wakati ambapo mgonjwa wa Kampala hakuwa na dawa yoyote ya kuvizuia virusi hivyo. Walianza kwa kukutana, kusikilizana na kuuguzana. Dawa zilikuja miaka mingi baadaye zikakuta watu wameshajifunza kuzungumza.

Ninapoutaja mwaka huo wa 1987 najua ninajibu pingamizi la kwanza, nalo ndilo ninalolisikia mara nyingi zaidi: kwamba katika nchi ambamo mgonjwa huandikiwa dawa akaikosa dirishani, habari za kutunza nafsi ni anasa. Kwa mgonjwa wa ini hoja hii ina kasoro kubwa kuliko kwa mgonjwa mwingine yeyote. Ini ndilo linalochakata dawa nyingi tunazomeza. Likishajaa makovu, hali ambayo madaktari huiita sirosisi, vidonge vya kutuliza wasiwasi na kuleta usingizi, kama vile diazepam ambayo watu huiita valiamu, vinaweza kumtumbukiza mgonjwa katika kuchanganyikiwa na hata kupoteza fahamu. Dawa za maumivu za aina ya diklofenaki humletea hatari ya kutokwa damu na kuharibika figo. Hata dawa za sonona, ambazo daktari anaweza kumpa, hupimwa kwa uangalifu na mara nyingi kwa dozi ndogo. Kwa hiyo pale ambapo mgonjwa mwingine mwenye hofu angetulizwa kwa kidonge, huyu wa ini njia zake ni finyu, na maneno hubeba mzigo mkubwa zaidi. Ukimnyima maneno umemnyima sehemu ya tiba yake, tena ile isiyohitaji kuagizwa kwa meli.

Na je, maneno yanafanya kazi, au ni imani yetu tu? Ushahidi upo. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, kusini mwa Uganda, eneo lililoumizwa vibaya na Ukimwi. Watu wenye sonona walikutana kwa vikundi mara moja kwa wiki, kwa wiki 16, wakizungumzia misiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha. Waliowaongoza hawakuwa madaktari, bali wenyeji wa huko waliofundishwa kwa wiki mbili. Mwisho wake, katika vijiji vyenye vikundi waliobaki na sonona hawakufika saba kwa mia. Katika vijiji visivyo na vikundi walikuwa zaidi ya nusu. Mwaka 2016 ukaja utafiti wa Harare, Zimbabwe, wa mpango ulioasisiwa na daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda. Kina bibi wa mitaani walikaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, wakawasaidia kuchambua tatizo moja baada ya jingine. Baada ya miezi sita dalili za sonona kwa waliopita kwenye benchi zilikuwa zimepungua kwa kiasi kikubwa kuliko kwa waliopata huduma ya kawaida. Mkosoaji makini ataniambia kwamba tafiti hizi hazikuwahusu wagonjwa wa ini, na ni kweli. Lakini hofu ya kufa, aibu, deni la matibabu na ugomvi wa ndani ya nyumba havibadiliki sura kwa sababu kiungo kinachouma kimebadilika. Anayedai kwamba mgonjwa wa ini hatanufaika na lile lililowanufaisha hao, yeye ndiye anayepaswa kutuonyesha sababu.

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo ni la ini peke yake, na hapo msaada wa kawaida hauwezi kutosha bila elimu. Ini lililochoka hushindwa kuondoa sumu zinazotoka tumboni, nazo huufikia ubongo. Mgonjwa huanza kulala mchana na kukesha usiku. Husahau, mikono humtetemeka, mwandiko wake huharibika. Mtu mpole huwa mkali, humtolea mkewe maneno ya kukata maini, humshuku mwanawe kwamba amemwibia. Mara nyingi kuna kilichochochea: kufunga choo, kutokwa damu tumboni, maambukizi, au kile kidonge cha usingizi nilichokitaja. Hali hii hutibika. Hospitalini hutafutwa chanzo chake, na mgonjwa hupewa dawa ya maji iitwayo laktulosi ili apate choo laini mara mbili au tatu kwa siku. Lakini nyumbani hali hiyo husomwa vingine. Hawa husema kapagawa, wale husema karogwa, na jambo baya kuliko yote, mke husema moyoni kwamba kumbe hiki ndicho alichokuwa akikificha miaka yote. Mgonjwa akizinduka hakumbuki alichosema, aliyetukanwa hasahau. Nimeshangaa siku zote kwamba familia huelezwa kuhusu chumvi, ambayo ni sahihi kupunguzwa pale tumbo linapojaa maji, lakini jambo hili linaloweza kuvunja ndoa halielezwi. Dakika tano za muuguzi, akisema mapema kwamba siku moja anaweza kubadilika, kwamba si moyo wake unaozungumza bali ni ugonjwa, na kwamba mkiona hivyo mleteni hospitali upesi, zingeokoa maisha na zingeokoa nyumba.

Pingamizi la pili hutoka kwa watu ninaowaheshimu. Wao husema: sisi ni watu wa dini na watu wa ukoo, mnasihi wa nini? Sheikh anakuja, padri anakuja, jumuiya inasali. Wala sikatai kwamba sala humtuliza mtu. Ninachohoji ni lile neno linalofuata sala, la kumwambia mgonjwa asikate tamaa, atapona kwa uwezo wa Mungu. Linasemwa kwa upendo, lakini hufunga mazungumzo. Baada ya kuambiwa hivyo, mgonjwa atasemaje kwamba anaogopa? Ataonekana hana imani. Kwa hiyo huitikia amina, wageni huondoka wakiwa wamefarijika wao. Hatari huongezeka pale anapotangaziwa kwamba ameshapona na aache dawa. Mwenye homa ya ini B akiacha tenofovir bila ushauri wa daktari, virusi vinaweza kulipuka upya na kuliangusha ini kwa muda mfupi. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walimiminika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Wapo waliowacheka. Mimi naona umati ule ulitupa ujumbe kuhusu hospitali zetu: watu walilala barabarani kwa siku nyingi kumfikia mtu aliyewaahidi kitu, wakati huenda wengi wao walikuwa wametoka kwenye chumba cha daktari bila kuambiwa lolote. Dini haina sababu ya kushindana na unasihi. Jumuiya ndogondogo na misikiti ya mitaa ndiyo yenye watu wanaoaminika tayari. Mmoja wao akifundishwa kunyamaza na kusikiliza, mtaa umepata mnasihi.

La tatu ni hili la kumficha mgonjwa. Ndugu humfuata daktari koridoni wakamwomba: usimwambie, utamuua kabla ya siku zake. Naielewa huruma iliyomo, lakini naona imekosea njia mara mbili. Kwanza, mgonjwa hafichiki. Macho yake yamekuwa ya manjano na anayaona kwenye kioo, tumbo linakua huku mikono ikikonda, na anaona mazungumzo yanavyokatika anapoingia sebuleni. Anachofichwa si habari, ni nafasi ya kuizungumzia. Pili, tunadhani kwamba ukweli siku zote ni mbaya kuliko uvumi, kumbe katika ugonjwa wa ini mara nyingi ni kinyume chake. Uvumi una hukumu moja tu, ya kifo. Ukweli una ngazi nyingi: yupo ambaye ini lina makovu lakini bado linamudu kazi yake, yupo ambaye virusi vyake vikidhibitiwa ini hutulia kwa miaka, yupo ambaye mishipa iliyovimba kooni inaweza kufungwa kabla haijapasuka, na yupo ambaye kweli amefika mwisho. Huyo wa mwisho naye ana haki zake. Ana deni la kulipa, shamba la kugawa, mtoto wa kusamehe. Mwenye homa ya ini B asiyeambiwa hawezi hata kuwaita mkewe na wanawe wakapimwe. Sipendekezi atwangwe ukweli wote asubuhi moja. Daktari anaweza kumuuliza mwenyewe anataka kujua kiasi gani, na nani akae naye wakati wa kuambiwa.

Kwa aliyefika mwisho ipo tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, na hapa tena hatuanzi na mikono mitupu. Hospice Africa Uganda ilianzishwa Kampala mwaka 1993 na daktari Anne Merriman, na Uganda ikawaruhusu wauguzi waliosomea kazi hiyo kuandika mofini ya kunywa ili maumivu yasimsubiri daktari. Taasisi ya Saratani ya Ocean Road pale Dar es Salaam inayo huduma ya tiba shufaa. Tatizo ni kwamba tumeizoea kama huduma ya saratani. Mgonjwa wa sirosisi anayetolewa maji tumboni kila baada ya wiki kadhaa, ambaye kupandikizwa ini kwake ni safari ya India asiyoimudu, hupelekwa huko akiwa amechelewa mno, ama hapelekwi kabisa.

Nimeahidi kuwarudia walevi. Husemwa kwamba waliyataka wenyewe. Kwanza kabisa, wengi wa wagonjwa wetu wa ini hawajawahi kuonja gongo wala chang'aa, na kila mmoja wao hulazimika kujitetea kana kwamba yuko mahakamani. Lakini hata aliyekunywa, tumfanyeje? Kwake yeye kuacha pombe ndiyo dawa yenye nguvu kuliko zote, na kuacha pombe ni kazi ya nafsi. Mtu huyu akisimangwa kila siku, atarudi kilabuni, kwa sababu huko ndiko kusikokuwa na masimango. Anayemnyima huruma kwa kisingizio cha maadili anamsaidia muuza gongo.

Labda pingamizi zito kuliko yote ni hili: ukiwaunganisha wagonjwa wa ini na mfumo wa Ukimwi, si utawabebesha unyanyapaa wa pili? Hoja hii naikubali kwa sehemu. Mwenye homa ya ini aliyekwepa macho ya jirani hatakwenda kukaa katika kikundi kinachojulikana mtaa mzima kuwa cha kitu kingine. Ndiyo maana sipendekezi achanganywe humo. Napendekeza tuazime utaratibu na watu wake: mnasihi yuleyule aliyekwisha kufundishwa, siku tofauti, kikundi chao wenyewe wagonjwa wa ini na wanaowauguza. Nawataja wanaouguza kwa makusudi. Binti anayemwamsha baba usiku, mke anayepika vyungu viwili kwa ajili ya chumvi, hao huchoka hadi kuugua, na hakuna anayewauliza wamelalaje. Kikundi hakihitaji jengo. Kinahitaji mwembe katika ua wa hospitali ya wilaya, mabenchi mawili, na mganga mkuu aliyekubali kwamba siku moja kwa mwezi mnasihi wake atakaa hapo.

Kwa hiyo, wewe unayeugua ini na unanisikiliza sasa, ukienda kliniki usitoke na vidonge tu. Mwombe daktari akutafutie mgonjwa mwenzako aliye tayari kuzungumza nawe, na upite ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali hiyo, maana kazi yao si misamaha ya malipo peke yake. Mchague mtu mmoja, mmoja tu, umwambie yote. Nawe unayejiandaa kwenda kumwona mgonjwa wa namna hii, usimpelekee mizizi ya kusafisha ini wala dawa ya usingizi. Nenda baada ya umati kuondoka, muulize ni kitu gani kinachomsumbua zaidi siku hizi, kisha usimjibu haraka. Na kama ugonjwa wake ni homa ya ini B, waulize watu wa nyumba hiyo kama wamekwisha kupima na kuchanjwa.